Nani Alilipa Siku za Kungoja? Historia ya studio tatu za michezo ya video

Leo siongelei udongo wala mbolea, ingawa mwishoni nitapita shambani kidogo, maana agronomia ndiyo kazi yangu na siwezi kuikimbia. Leo naongelea historia ya michezo ya video. Najua kuna watakaosema: huyu naye, Ituri inaungua, yeye anatuletea michezo ya watoto. Mnisikilize kwanza. Swali nililo nalo kila mmoja wetu analiishi tangu siku aliyotoka chuo na karatasi mkononi: kati ya siku mtu anaanza kujifunza kazi na siku ile kazi inaanza kumlisha, nani analipa?

Watu wakisimulia habari za waliofanikiwa, wanapenda kusema juu ya kipaji, moyo, na kutokukata tamaa. Sehemu ya chakula wanairuka. Huyo mtu alikula nini ile miaka mitatu? Alilala kwa nani? Umeme ulikuwa wa nani? Nimechukua studio tatu nikazichungulia kwa swali hilo moja: ya kwanza ya Japani, ya pili ya Kameruni, na ya tatu ya kijana wa Sudani Kusini aliyekulia kambini Uganda, jirani yetu kabisa.

1. Nyumba ya nguzo na nyaya

Mwaka 1983 muushike vizuri, nitaurudia. Mwezi wa 9 wa mwaka ule, Mjapani kwa jina Masafumi Miyamoto alianzisha kitengo kidogo cha kutengeneza programu za kompyuta. Kitengo kikaitwa Square. Wengi wenu mnaijua Square kwa sababu ya Final Fantasy, ile michezo ya aina ya RPG. Kwa wale hawajacheza: RPG ni mchezo ambapo unachukua mhusika dhaifu, unamtembeza duniani, anapigana, anapata wenzake, anaongezeka nguvu pole pole, na hadithi inakubeba masaa na masaa kama riwaya ndefu.

Jambo ambalo wachezaji wengi hawajui ni kwamba Square haikusimama kwa miguu yake yenyewe. Ilizaliwa kama tawi la Den-Yu-Sha, kampuni iliyofanya kazi ya kujenga laini za umeme, mali ya baba yake Miyamoto. Kwa hiyo studio ya hadithi za mapanga na majini ilianza maisha ndani ya nyumba ya nguzo na nyaya.

Kati ya vijana waliokuja pale kufanya kazi ya muda alikuwako Hironobu Sakaguchi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama. Aliacha masomo katikati ili abaki Square. Mchezo wao wa kwanza, The Death Trap, ulitoka 1984. Ikafuata mingine. Hakuna hata mmoja uliowafanya matajiri. Mwezi wa 9 mwaka 1986 Square ikajitenga ikawa kampuni yake yenyewe. Miezi michache kabla, kampuni nyingine, Enix, ilikuwa imetoa Dragon Quest, na Japani nzima ikaona kwamba RPG inaweza kupendwa na mtoto wa kawaida mbele ya televisheni ya nyumbani.

Tarehe 18/12/1987 Square ikatoa Final Fantasy. Programu iliandikwa na Nasir Gebelli, mtu mwenye asili ya Irani aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Picha za wahusika zilichorwa na Yoshitaka Amano, muziki ukatungwa na Nobuo Uematsu. Watu wanapenda kusimulia kwamba jina lile, “njozi ya mwisho”, lilitokana na hali mbaya ya kampuni, na kwamba Sakaguchi alikuwa tayari kurudi chuo kama mchezo ungeanguka. Yeye mwenyewe ameeleza baadaye kwamba walichotaka hasa ni jina lenye kifupisho cha F mbili. Vyovyote vile, mchezo haukuanguka. Uliuzwa kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1997 Final Fantasy VII ukaipeleka Square duniani kote.

Sasa tuhesabu. Kutoka 1983 hadi Desemba 1987 ni miaka minne na zaidi. Mitatu ya kwanza Square iliipita chini ya mgongo wa kampuni ya umeme. Kijana wa kazi ya muda alikuwa na mahali pa kukaa, na kompyuta ya kugusa, na ruhusa ya kutoa michezo ambayo haikuvuma, bila nyumba kufungwa. Naheshimu kipaji cha Sakaguchi. Lakini kipaji kile kilipata miaka ya kujaribu, na miaka ile ilikuwa na mwenye kuilipa.

Tena, mlipaji akiisha, hata mkubwa anaanguka. Mwaka 2001 Square ilitoa filamu ya Final Fantasy iliyogharimu dola zaidi ya milioni 130. Katika sinema ilirudisha karibu milioni 85 tu. Hasara ile ilikuwa nzito, Sakaguchi akaondoka baadaye, na tarehe 1/4/2003 Square ikaungana na Enix, yule yule mshindani wake wa zamani.

Kabla hatujatoka Japani, neno moja juu yetu sisi. PlayStation 2, mashine iliyobeba michezo mingi ya Square, ilitoka Japani tarehe 4/3/2000. Ndani ya mashine kama zile, na ndani ya simu na kompyuta, kuna vipande vidogo vinavyotumia tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, kisha ikaanguka 2001. Wengi waliitupia lawama PlayStation 2 peke yake. Ukweli ni mpana zaidi, juu simu na kompyuta nazo zilikuwa zinaongezeka, na wanunuzi waliogopa kukosa mali. Lakini huku mashariki mwa Kongo watu waliacha majembe wakaingia machimboni, wenye silaha wakakusanya kodi, na mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika ripoti juu ya uporaji ule. Sisi wa Ituri tulikuwa ndani ya vita yetu wenyewe, ile ya 1999 hadi 2003. Sitaki kusema kwamba kila mtoto aliyecheza Tokyo ana damu mikononi. Nasema tu kwamba tukiuliza “nani alilipa”, majina ya walipaji hayaishii Japani.

2. Likelemba ya Yaoundé

Mwaka 2003, kule Kameruni, kijana mmoja mwenye kupenda michezo ya Kijapani alianza kutengeneza wa kwake pamoja na rafiki. Anaitwa Olivier Madiba. Alikuwa mtu wa informatiki, na alianza na RPG Maker, programu ya Kijapani inayomruhusu mtu asiye na studio kujenga RPG yake. Hapo hakukuwa na mshahara wala ofisi. Kulikuwa na vijana wanaofanya kazi usiku baada ya masomo.

Mchezo aliouota unaitwa Aurion. Mwana wa mfalme, Enzo Kori-Odan, wa nchi ya Zama, anapinduliwa siku ile ile ya arusi na kutawazwa kwake, na anayempindua ni shemeji yake. Enzo anaondoka pamoja na mke wake Erine, wanazunguka dunia kutafuta nguvu ya kurudi. Nguvu ile inaitwa Aurion, na inatoka kwa mababu. Mapigano yake yana mtindo wa RPG za Japani, lakini nguo, majina, na swali la urithi ni vya kwetu Afrika.

Kama Miyamoto angekuwa Yaoundé, angemwendea baba. Madiba hakuwa na Den-Yu-Sha. Na mnajua benki zetu: ukiingia na mradi wa nguruwe, wanakuuliza dhamana, ukiingia na mradi wa mchezo wa video, wanakuuliza kama uko mzima. Yeye na wenzake wakafanya jambo ambalo mama zetu wangelitambua mara moja. Wakaligawa shirika vipande vidogo, wakawauzia hisa watu wa kawaida kupitia intaneti. Wengine walikuwa ndani ya nchi, wengine ng’ambo, kila mmoja na kidogo chake. Siyo likelemba kamili, maana katika likelemba zamu yako ya kupokea inajulikana, na hapa mtu alitoa pesa bila kujua kama zitarudi. Lakini roho yake ni ile ile: wadogo wengi wanamshika mmoja.

Mwezi wa 12 mwaka 2013 studio ilifungua milango Yaoundé kwa jina Kiro’o Games. Umeme ulikuwa unakatika, jambo ambalo sina haja ya kulieleza kwa mtu wa Bunia. Mwaka 2015 wakaomba mchango kwa wachezaji wa dunia nzima kwenye Kickstarter, wakapata karibu euro 50,000. Tarehe 14/4/2016 Aurion ikatoka.

Toka 2003 hadi 2016 ni miaka 13. Square ilipata Final Fantasy kwa miaka minne na kitu. Tofauti ile mimi siioni kama tofauti ya akili. Tazameni miaka ile ilivyokwenda: sehemu kubwa ya 13 ilikuwa ya kutafuta atakayelipa.

3. Dola 300 za kambini

Sasa turudi mwaka 1983, kama nilivyoahidi. Mwaka ule ule Square ilipozaliwa, Sudani iliingia katika vita yake ya pili kati ya kaskazini na kusini. Vita ile iliendelea hadi makubaliano ya tarehe 9/1/2005. Ndani ya miaka ya 1990, familia moja ya kusini ilikimbia kwa miguu kuelekea Uganda. Njiani wakapoteza mabinti wawili. Njiani vile vile mama akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto yule ni Lual Mayen.

Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, akakaa pale karibu miaka 22. Kwetu habari hii haiko mbali. Mwanzoni mwa 2018, watu wa Djugu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na maboti, wakafika Hoima wakapelekwa Kyangwali, na kipindupindu kikawapokea. Kila mmoja wetu ana shangazi, rafiki wa shule au jirani aliyepita njia ile. Wanaosoma hapa wakiwa Kyangwali, nawasalimu.

Kuna jambo moja juu ya Uganda ambalo mtu wa agronomia hawezi kuliruka. Mkimbizi anapofika, mara nyingi anapewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea ndani ya nchi. Vipande vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na chakula cha msaada kinapunguzwa. Lakini mtu mwenye mistari michache ya muhogo na maharagi, na ruhusa ya kwenda sokoni, anaweza kuweka kando sarafu moja moja. Mkumbuke hilo kwa habari inayofuata.

Mwaka 2007, wakati wa kuandikishwa, Mayen aliona kompyuta kwa mara ya kwanza. Akamwambia mama yake anataka ile kitu. Mama hakumwambia ndiyo wala hapana. Alianza kuweka akiba kimya kimya, miaka mitatu, hadi akafikisha dola 300. Siku moja akamkabidhi mtoto pesa za kompyuta.

Mimi nilipiga hesabu ile kwa simu. Dola 300 kwa miezi 36 ni kama dola 8 kwa mwezi. Wenye kujua maisha ya kambi watanisaidia: dola 8 kwa mwezi ni sabuni ngapi? Ni dawa ya malaria mara ngapi? Mama yule alikuwa na watoto wengine. Kila mwezi kulikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuitoa ile pesa, na kila mwezi hakuitoa.

Kompyuta ikapatikana, umeme hakuna. Mayen alitembea kwa miguu mwendo wa masaa matatu hadi mahali pa kuchaji, kisha masaa matatu ya kurudi. Mwalimu hakuwako. Rafiki alimletea masomo ya programu ndani ya flashi, na pamoja nayo mchezo, Grand Theft Auto: Vice City. Alipoucheza, akafikiri jambo ambalo vijana wa Ituri tunaweza kulielewa bila maelezo: watoto wa kambi wametoka kwenye risasi, na mchezo nao unawafundisha risasi. Hakuona sababu ya kuacha michezo. Akaona nafasi ya kutengeneza wa namna nyingine.

Sudani Kusini ilipata uhuru tarehe 9/7/2011, na Desemba 2013 vita ikarudi, safari hii kati ya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2016 Mayen akatoa mchezo wake wa simu, Salaam, yaani amani. Katika toleo la kwanza, mabomu yanaanguka na mchezaji anayaharibu kabla hayajagusa kijiji. Watu wa kambini walipeana kutoka simu hadi simu, bila intaneti, kama sisi tunavyopeana nyimbo. Kisha akauweka Facebook, na watu wa kazi hii katika nchi nyingine wakamwona.

Toleo alilolijenga baadaye linakuweka wewe kuwa mkimbizi. Unakimbia, nguvu zinaisha, unahitaji maji, chakula, dawa. Ukinunua vitu hivyo kwa pesa ya kweli, mpango wake ni kwamba sehemu iende kuwasaidia wakimbizi wa kweli. Kwa hiyo mchezaji wa Marekani aliyeketi kwenye kiti laini anaulizwa swali lile lile la leo: nani analipa ili huyu mtu afike kesho?

Studio yake inaitwa Junub Games. Junub ni “kusini” kwa Kiarabu. Lakini ilikua Washington, siyo Adjumani wala Juba, maana Mayen alihamia Marekani, na Desemba 2018 akaheshimiwa kwenye The Game Awards, sherehe kubwa ya michezo ya video. Simlaumu kwa kuondoka hata kidogo. Dola 8 za mama kwa mwezi zilitosha kununua kompyuta. Hazikutosha kulipa mishahara ya timu. Mbegu iliota kambini, ikahamishwa kwenye shamba lenye maji.

Na jambo lingine ambalo hadithi nzuri inalificha: kambini kulikuwa na mamia ya mama wenye moyo kama ule. Wengine walifika dola 200 mtoto akaugua. Wengine walifikisha 300, zikaenda kwenye ada ya shule au kwenye mazishi. Watoto wao hatuwajui. Kwa hiyo anayewaambia vijana “muwe tu na moyo kama Mayen” hajasoma habari yote.

4. Ndizi kati ya kahawa

Hapa ndipo napita shambani. Mkulima akipanda kahawa leo, hatavuna kitu cha maana kabla ya miaka mitatu hivi. Kakao vile vile, mitatu hadi mitano. Hakuna mzee wa Irumu anayepanda kahawa peke yake na kukaa akiitazama. Anatia migomba kati ya mistari, inatoa kivuli kwa miche na chakula kwa watoto. Mwaka wa kwanza anatia maharagi, miezi mitatu yako mezani. Kahawa ndiyo mradi. Ndizi na maharagi ndivyo vinavyoufanya mradi usife.

Kila studio niliyosimulia ilikuwa na ndizi yake. Ya Square ilikuwa kampuni ya umeme. Ya Kiro’o ilikuwa hisa za watu wadogo. Ya Mayen ilikuwa mama, pamoja na kipande cha ardhi na sheria ya 2006 iliyomruhusu mkimbizi kwenda sokoni. Tofauti ni kwamba ndizi moja ilikuwa shamba zima, nyingine bustani ya jamaa, na nyingine mti mmoja nyuma ya nyumba.

Sasa sisi. Chuo kinatupa miche ya kahawa mkononi na kutuambia “nendeni mkapande”. Familia inangoja mavuno mwezi unaofuata, na haikosei, imekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya masomo yetu. Rafiki anayejifunza kazi inayochukua miaka mitatu, awe mtu wa michezo, wa kutengeneza filamu, wa mbegu bora, au wa dawa za mifugo, anaonekana mvivu. Kisha anaacha mwaka wa pili, na sisi tunasema: unaona, hakuwa na kipaji.

Kwetu Marabo jambo hili limefika nyumbani. Mdogo wangu anasoma informatiki Bunia na anajifunza Godot, programu ya bure ya kutengeneza michezo. Anajenga mchezo wa mtu wa moto anayebeba abiria toka Bunia hadi Komanda. Kwenye kila bariere unachagua: unalipa, unaongea, au unarudi, na abiria nyuma yako ni mgonjwa. Mimi nimeucheza, na mara ya kwanza sikufika. Baba alimwita akamwuliza mbele yetu wote, “Ile kompyuta inaingiza ngapi kwa mwezi?” Mdogo akanyamaza. Baba akasema iuzwe, tuongeze pesa, tununue moto ya kweli, ianze kazi kesho.

Nikaomba ruhusa ya kusema. “Baba, kahawa ya huko mtoni uliipanda mwaka gani?” Akataja. “Na mwaka wa kwanza ulivuna ngapi?” Akacheka kidogo, hakujibu. Tulikaa pale hadi usiku. Baba si mtu wa kushindwa na mfano wa shamba. Akauliza swali zuri kuliko langu: “Sawa. Ndizi yake ni gani?”

Swali lile ndilo lililookoa kompyuta. Tulikubaliana hivi. Mdogo anapiga TFC za wanafunzi wengine kwa ukurasa, na pesa ile inalipa chakula chake Bunia, haombi nyumbani. Akija likizo anapata umeme wa sola yetu usiku mbili kwa juma, simu za wateja zikiisha kuchajiwa. Muda ni hadi Desemba ya mwaka kesho. Siku ile ataonyesha mchezo uliomalizika, hata kama ni mfupi, au kompyuta inauzwa bila kelele. Sijui itaishaje. Kuna juma anafanya kazi vizuri, kuna juma TFC za watu zinamla muda wote. Ndizi nayo ikizidi inafunika kahawa, kila mkulima anajua.

5. Nawaomba jambo moja

Katika chama chetu tunachangiana kwa arusi, kwa msiba, kwa defansi ya mwenzetu. Vizuri sana, tuendelee. Nawaomba tufikirie likelemba moja ndogo ya kungoja: watu kumi, mchango mdogo kila mwezi, na anayepokea ni mtu mmoja kwa mwaka mzima, siyo wa kila mwezi kubadilika. Asipewe kwa sababu ana maneno matamu. Aulizwe mambo matatu tu. Mavuno ya kwanza ni baada ya muda gani? Kabla ya hapo utakula nini? Na tarehe gani utatuonyesha kitu tunachoweza kukishika au kukicheza?

Ambaye hawezi kujibu la pili, tusimfukuze. Tukae naye tulitafute jibu, juu hilo la pili ndilo lililowaangusha wengi kuliko akili.

Kwenye maoni hapa chini, msiniandikie kama michezo ya video ni mizuri au mibaya. Niandikieni jibu la swali hili: miaka yako ya kungoja, nani aliilipa? Mama? Mjomba? Mke? Sola ya jirani? Tuanze kuwahesabu, halafu Jumapili ijayo tuangalie ni watu kumi gani wako tayari.